Amplifaya ya mtumba: ya zamani au ya juzi juzi?

Kwenye maduka ya vyombo vya muziki vya mtumba, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, si ajabu rafu moja kubeba vizazi vitatu vya amplifaya. Kuna ile ya uso wa fedha, ina mita za sindano na ubavu wa mbao, ya miaka ya 1970. Pembeni yake kuna nyeusi nyembamba ya miaka ya 1990 isiyo na madoido yoyote. Halafu kuna ya baada ya 2010, ina rimoti, tundu la USB na pengine Bluetooth. Muuzaji atakuapia kwamba ile ya zamani ndiyo chuma na hizi za siku hizi ni bati tupu. Nusu ya maneno yake ni kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo itakayokutoa pesa.

Msimamo wangu niuweke mezani mapema. Mtu anayetaka kusikiliza muziki kila siku, asiye mkusanyaji, atafute kizazi cha katikati: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2005 hivi, chenye transista za kawaida kwenye hatua ya mwisho (ile inayosukuma spika), relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kulinda spika, na tundu la umeme la volti 230 au 240. Ya zamani zaidi ya hapo inunue ukiwa tayari una fundi na hela ya ukarabati mkononi. Ya karibuni inunue kwa sharti moja: upande wake wa kidijitali ukifa leo, bado ubaki na amplifaya.

Tuanze na uzito, maana ndio unaowavuta wengi. Amplifaya za mwisho wa miaka ya 1970 ni nzito kwa sababu inayojulikana. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitoa kanuni kuhusu wati zinazotangazwa. Mtengenezaji alitakiwa kutaja nguvu ambayo chombo kinaitoa mfululizo, na kabla ya kupima akiendeshe saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu hiyo. Kwa amplifaya ya kawaida ya daraja AB, theluthi ya nguvu ni eneo linalochemsha kweli kweli. Ili kufaulu mtihani ilibidi kuweka transfoma kubwa na mapezi mapana ya kupoozea. Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978 ilitoa wati 270 kila upande na ilikuwa na kilo 35 hivi. Wati za namna hiyo ni za kweli. Usizilinganishe na “3000W PMPO”, wati za matangazo tu, iliyobandikwa kwenye redio ya plastiki. Geuza redio hiyo nyuma usome inakula umeme kiasi gani. Ikiwa inakula wati 90, sauti inayotoka haiwezi kuzidi hapo hata ikiombewa dua.

Ila wati nyingi si hoja ya kununua. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua bila kushtuka. Spika ya desibeli 90 kwa wati moja ikifungwa kwenye amplifaya ya wati 20 inalia sawasawa na spika ya desibeli 87 iliyofungwa kwenye ya wati 40. NAD 3020, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, iliandikwa wati 20 tu, lakini kwa vilele vifupi vya muziki iliweza kufika karibu mara mbili ya hapo. Sebule ya kawaida haihitaji zaidi. Ukiwa na spika zenye sauti kubwa kwa wati chache, acha kubeba kilo 35 kupanda nazo ngazi.

Umri unakula wapi

Chombo cha miaka 45 hakichakai kila mahali. Transfoma, bati na rezista nyingi zinaweza kuwa nzima kabisa. Kinachochoka ni vitu vichache, na vinajulikana.

Cha kwanza ni kapasita za elektrolaiti. Ndani yake kuna kimiminika kinachokauka polepole, na joto huharakisha: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata maisha yake kwa nusu. Ndogo zilizo karibu na rezista za moto hufa kabla ya zile kubwa mbili za kwenye pawa. Dalili ni besi kupungua, upande mmoja kufifia, au mngurumo. Mngurumo wenyewe una ujumbe. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mngurumo mnene wa hezi 50 kwa kawaida unatoka kwenye waya wa kuingizia au ethi. Ule mkali zaidi wa hezi 100, unaobaki hata voliyumu ikiwa chini kabisa, unaelekeza kwenye kapasita kubwa za pawa.

Cha pili ni relei ya spika. Midomo yake ya kugusana hupata kutu nyembamba, na chombo kinaonyesha tabia ya pekee: sauti ndogo, upande mmoja unapotea, ukipandisha kwa nguvu, unarudi. Wauzaji husema “inapasha moto”. Hakuna cha kupasha. Relei imechoka, na kuna mpya za volti 24 zinazoingia mahali pake, mradi mpangilio wa miguu ulingane. Kuisugua kwa msasa kunaondoa tabaka la juu la madini, na baada ya miezi michache mnarudi palepale.

Cha tatu ni swichi na poti ya voliyumu. Hizi zikikwaruza, dawa yake ni kisafishio cha elektroniki kinachoandikwa kwamba ni cha migusano. Mafuta ya kulegeza nati, hata kama kopo lake lipo kila gereji, yanaacha utando unaokamata vumbi.

Sasa kile ambacho wengi hawakiangalii, na ndicho kinachoua hatua ya mwisho: trimpoti ya bayasi. Bayasi ni mkondo mdogo unaopita kwenye transista za mwisho hata muziki ukiwa kimya. Unarekebishwa na kirezista kidogo cha kuzungusha, kilicho wazi kwa vumbi. Katika saketi nyingi za zamani, mguu wa katikati wa trimpoti ukipoteza mgusano, bayasi haishuki. Inaruka hadi juu kabisa, transista zinachemka na kufa ndani ya dakika. Kwa hiyo fundi anayeanza kwa kuzungusha trimpoti ya mwaka 1977 “aone inasemaje” anacheza kamari na chombo chako. Utaratibu salama ni kuitoa, kuweka mpya ya zungusho nyingi yenye omu zilezile, kuiweka upande wa bayasi ndogo kabisa, kisha kuipandisha taratibu. Kipimo kinachukuliwa kwenye ncha mbili za rezista ya emita, ile iliyounganishwa na mguu wa emita wa transista ya mwisho. Ikiwa rezista ni ya omu 0.22 na mita inasoma milivolti 10, mkondo ni miliampia 45 hivi. Thamani halisi itoke kwenye kitabu cha huduma cha modeli hiyo, kwa sababu zinatofautiana sana.

Sansui, Kenwood na wenzao wa enzi hizo wana magonjwa yao mengine. Diodi ndogo za VD1212 zinazosimamia bayasi hupasuka kwa uzee. Transista ndogo za 2SC458 na 2SA726 huanza kutoa sauti ya kuchemka kama mafuta ya maandazi hata bila muziki. Pia kuna gundi iliyotumika kushikilia kapasita: ikiwa mpya ina rangi ya maziwa, ikizeeka inakuwa kahawia, inavuta unyevu na kula miguu ya vipuri. Kwa vyombo vilivyoishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi imeongeza yake. Fungua kifuniko: ukiona gundi ya kahawia imegusa miguu na kuna ukungu wa kijani kwenye shaba, hesabu kazi ya siku kadhaa. Mayai ya mende na kinyesi cha mjusi vinapitisha umeme kidogo vikilowa, kwa hiyo usafi unatangulia vipimo vyote.

Umeme wa kwetu na tundu la nyuma

Hili ndilo linaloharibu amplifaya nyingi za zamani katika ukanda wetu, kuliko uzee wenyewe.

Soma lebo ya nyuma kabla ya kuchomeka chochote. Vyombo vilivyotoka Uingereza, vile wanavyoviita ex-UK jijini Nairobi, vina 240V na havina maswali. Vilivyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani vina 100V. Vya Marekani vina 120V. Baadhi ya vyombo vya miaka ya 1970 vilivyokusudiwa kuuzwa nchi nyingi vina plagi ndogo ya kuchagua 110, 120, 220 au 240, na vikifika hapa huenda bado imewekwa 120. Ukichomeka hivyo kwenye 240, ombea fyuzi ikatike. Mara nyingine kinachokatika ni fyuzi ya joto iliyozikwa ndani ya transfoma, na hapo transfoma inahesabiwa imekufa. Ukihamisha plagi kutoka 120 kwenda 240, badilisha na fyuzi: ampia zinapungua nusu, na iwe ya aina ya polepole yenye herufi T kama lebo inavyotaka.

Kuna jambo moja linalowatetea wale wa volti 100. Japani inatumia hezi 50 mashariki, Tokyo ikiwemo, na hezi 60 magharibi, hivyo chombo cha kuuzwa huko hutengenezwa kwa zote mbili. Chombo cha Marekani kilichoandikwa hezi 60 peke yake kina transfoma ambayo kwa hezi 50 inaweza kupata moto zaidi na kunguruma, hata ukiipa volti sahihi.

Ukitaka kutumia transfoma ya kushusha, usikubali yoyote. Zinazouzwa sana ni za 240 kwenda 110. Siku umeme wa mtaani ukiwa 250, hiyo itatoa karibu 115, na chombo cha volti 100 kitakuwa kimezidishiwa asilimia 15. Tafuta inayotoa 100 kamili. Ukubwa uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma. Amplifaya ya wati 180 ipewe ya VA 300 au zaidi. Vile vikopo vyepesi vya kushushia umeme wa pasi na mashine za kukaushia nywele havifai kabisa, maana vinakatakata wimbi.

Hata 220 ina hesabu yake. Chukua amplifaya ya 220V yenye reli (umeme wa ndani unaolisha transista za mwisho) za volti 56 juu na chini, na kapasita zake za pawa zimeandikwa 63V. Mtaa wako ukiwa na volti 250, reli zinapanda hadi 56 mara 250 gawanya kwa 220, yaani 63.6. Kapasita imevuka kiwango chake, nayo ina miaka 45. Kama una chombo cha namna hii, fungua uangalie: baadhi ya transfoma zina waya wa 240 uliofichwa chini ya kofia ya plastiki. Usipokuwepo, kapasita mpya ziwe za 80V, na chombo kikae nyuma ya stabilaiza. Fridge guard yenyewe haishushi volti, inakata tu zikizidi, lakini itakuokoa kwenye ule mrundo wa umeme unaokuja baada ya kukatika.

Hapa za karibuni zinajitetea. Baadhi ya amplifaya za daraja D, zile ambazo transista zake huwaka na kuzima kwa kasi sana, zina pawa inayokubali kuanzia volti 100 hadi 240 bila kuchagua, na kupanda na kushuka kwa umeme haziyajali. Kwa mtu wa mtaa wenye umeme mbovu, hiyo ni faida kubwa kuliko ubavu wa mbao.

Za karibuni na magonjwa yake

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, watengenezaji wengi waliacha transista zilizo mbalimbali wakaweka moduli moja nyeusi ya STK, yenye hatua ya mwisho nzima ndani yake. Sauti yake si mbaya. Tatizo ni siku inapokufa. Sanyo, waliozitengeneza, waliuza kitengo chao cha semikondakta mwaka 2011, na nyingi zinazouzwa leo ni za kughushi, zinazokufa ndani ya wiki. Kabla ya kununua chombo cha kizazi hicho, chungulia kupitia matundu ya juu kwa tochi ya simu. Ukiona bamba moja pana lililoegemea mapezi badala ya transista nne au zaidi, punguza bei unayotaka kutoa au ondoka.

Bandia zimejaa pia kwenye transista. Jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 ya Toshiba inafanana na nyingi zilizomo kwenye amplifaya za miaka ya 1990, na ndiyo inayoghushiwa kupita kiasi. Mafundi wajanja huchomoa halisi kutoka kwenye vyombo vilivyokufa kwa sababu nyingine, na hiyo ni bora kuliko mpya ya pakiti isiyojulikana asili.

Tangu Julai 2006 vyombo vinavyouzwa Ulaya vinatumia lehemu isiyo na risasi. Inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi badala ya 183, na viungo vyake havistahimili vizuri kupashwa na kupoa mara kwa mara. Chombo kinachokatika sauti kikipata moto na kurudi ukikigonga mara nyingi kina kiungo kilichopasuka. Fundi mwenye pasi dhaifu atang'oa njia ya shaba kabla lehemu haijayeyuka, basi muulize ana pasi gani.

Kisha kuna hali ya kusubiri (standby). Sheria za Ulaya zilitaka kuanzia 2013 chombo kilichozimwa kwa rimoti kisile zaidi ya nusu wati, na ndiyo maana ndani kuna pawa ndogo ya pili isiyolala kamwe. Kapasita yake ndogo, mara nyingi ya maikrofaradi 10 hadi 47, ndiyo ya kwanza kufa. Chombo kinakataa kuwaka na muuzaji anakitangaza spea. Ukikipata kwa bei hiyo, una bahati. Tabia ya kujizima baada ya dakika 20 au 30 za ukimya si ugonjwa, inaondolewa kwenye menyu. Na ukiunganisha televisheni kwa waya wa mwanga (optical) usipate sauti, nenda kwenye mipangilio ya televisheni uchague PCM kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Risiva za sinema zenye HDMI nyingi siwezi kumshauri mtu anayetafuta muziki. Bodi ya kidijitali inachemka juu ya mapezi ya amplifaya, chipu zake zimelehemiwa kwa chini ambako pasi haifiki, na ikifa mara nyingi huzuia hata njia ya kawaida ya sauti.

Kupima dukani

Nenda na mita, waya wa simu kwenda RCA (plagi za duara za sauti), spika moja usiyoihurumia, na balbu ya halojeni ya wati 100 iliyofungwa mfululizo na tundu la umeme. Ya LED haifanyi kazi hii. Chombo kikichomekwa kupitia balbu, balbu iwake kwa nguvu kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kali, kuna shoti ndani, nawe hujaunguza kitu.

Bila spika, pima volti za DC kwenye tundu za spika, kila upande. Chini ya milivolti 50 ni salama, zaidi ya 100 kuna kazi ya kufanya. Sikiliza relei: sekunde tatu hadi tano baada ya kuwasha ilie “tak”. Isipolia, saketi ya ulinzi imeona tatizo. Chombo cha zamani kisicho na relei na kisicho na kapasita kubwa ya kutolea sauti kikiharibika kinapeleka DC moja kwa moja kwenye spika, basi vipimo vyake usiviruke.

Ukiona taa zinawaka na hakuna sauti, usikate tamaa haraka. Bonyeza kitufe cha Tape Monitor, huenda kimeachwa ndani. Angalia nyuma kwenye Pre Out na Main In: NAD 3020 na nyingine nyingi zina vichuma viwili vya umbo la U vinavyounganisha tundu hizo, na safarini huwa vinapotea. Waya mfupi wa RCA kila upande unatosha. Chombo “kibovu” cha aina hii ndicho nafuu kuliko vyote dukani.

Ya miaka ya 1970 ikiungwa na CD au simu italia kwa nguvu voliyumu ikiwa imefunguliwa kidogo tu, na mara nyingi upande mmoja unazidi mwingine. Tundu zake za Aux zilitengenezwa kwa milivolti 150 hivi, na CD inatoa volti 2. Weka rezista ya kilo-omu 10 mfululizo kwenye waya wa kati, na ya kilo-omu 4.7 kutoka upande wa amplifaya kwenda ardhini, kila upande. Unashusha desibeli 10, poti inafanya kazi katikati yake inapolingana, na mkwaruzo wa mwanzo hausikiki tena.

Ukishainunua ya zamani, usimruhusu fundi abadilishe kapasita 50 kwa mkupuo. Abadilishe upande mmoja, awashe kupitia balbu, apime, kisha aende upande wa pili. Akikosea sehemu, upande mzima unabaki wa kulinganishia. Kapasita mpya ziwe za nyuzi 105. Kabla ya kugusa bodi, kapasita kubwa zipunguzwe chaji kwa rezista ya kilo-omu 1 ya wati 5 kwa dakika moja, na mita ithibitishe. Bisibisi inafanya kazi hiyo kwa cheche na kuacha shimo.

Bayasi ipimwe tena baada ya dakika 20 za joto, na mara nyingine baada ya wiki. Ikiwa imepanda bila mtu kugusa trimpoti, zima chombo, na uangalie diodi na transista ya bayasi kama zimegusana vizuri na mapezi. Grisi ya joto ya mwaka 1977 kwa sasa ni unga mkavu. Ifutwe na kuwekwa mpya.